Kuku Aliyebeba Mguu wa Gratien

Jumatatu, 17 Mei 2004

Mguu wa Gratien umevunjika. Wa kushoto, chini ya goti. Ilikuwa jana baada ya misa, hata shati la kanisa alikuwa hajavua.

Alipanda juu ya gari kufunga pipa la maji. Pipa la maji, juu ya gari ambalo tangu mwaka jana halijatoka nje ya parseli yetu, kiwanja chetu hapa Sange. Alikuwa ananiambia kutoka huko juu: "Tukiwa safarini utaoga ndani, kama mzungu." Kisha nikasikia kishindo.

Hili gari. Projet, ule mradi wa kutibu macho, ilipoondoka wakati wa vita ya kwanza, wazungu walimwachia dereva wao, Gratien, bati lenye magurudumu. Ndani kuna vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, kabati, sinki isiyotoa maji. Ukutani bado imebandikwa ile karatasi ya herufi za kupimia macho. Miaka minane mume wangu analitengeneza. Analiita nyumba yetu ya pili. Ya kwanza inavuja.

Hospitali, mama yake alikataa. Bibi Niyonsaba akikataa kitu, kimekataliwa. Akamwita muzee Ndayiragije, mwunga mifupa wa Lubarika. Alifika kwa baiskeli, akaomba mtetea ambaye hajaanza kutaga. Tukampa yule mwekundu mwenye unyoya mmoja mweupe mkiani. Muzee akamshika, akamvunja mguu — wa kushoto, chini ya goti. Nilisikia ulivyolia, kama kijiti kikavu. Halafu akafunga miguu yote miwili, wa kuku na wa mume wangu, kwa vijiti vya mti mmoja na majani ya chungu kimoja.

Sheria yake: siku kuku atakanyaga, Gratien naye atakanyaga. Mbele ya hapo, hapana. Kuku asiuzwe, asiliwe, asitukanwe.

Niliuliza: "Atukanwe na nani?"

Muzee akaniangalia. "Na weye," alisema.

Alhamisi, 20 Mei

Kuku anakula mchele kabla ya watoto. Mchele mzuri, wa kuchagua. Bibi Niyonsaba anampulizia kila punje.

Mume wangu na kuku wanalala chumba kimoja. Mimi na Achille tumehamia kwenye mkeka pale mbele. Achille anatoa meno, ananyonya kama anataka kunimaliza. Mgonjwa anataka chai, kuku anataka maji, mama mkwe anataka nijibu kwa sauti ya chini. Sina mguu uliovunjika, kwa hiyo hakuna anayeniuliza kitu.

Gratien amelala chali anatoa amri kuhusu gari. Funika motere, injini isiingie vumbi. Angalia upepo wa magurudumu. Niliangalia. Magurudumu yana upepo kuliko mimi.

Belyse, binti yetu, peke yake ndiye mwenye akili katika nyumba hii, na ana miaka minne. Aliniuliza kama kuku anasikia uchungu. Nilimwambia ndiyo. Akauliza: "Na nani alimuomba ruhusa?"

Jumatatu, 24 Mei

Kuku amekufa.

Naandika upesi. Bibi yuko kwenye mpunga wake mpaka jioni, Gratien amelala kwa dawa.

Nilitoka kisimani nikakuta beseni limegeuzwa uani, juani kabisa, na jiwe juu yake. Nikainua. Kuku alikuwa ameisha, mdomo wazi. Belyse akaja mbio, kidole mdomoni. "Nimemufunika asisumbuliwe na inzi. Mama, bado amelala?"

Nikamwambia bado amelala, aende acheze kwa Mama Geneviève, jirani yetu.

Mimi siamini kuku. Niseme wazi, hapa hakuna anayenisoma. Mfupa ni mfupa, kuku ni kitoweo. Lakini naijua hii familia. Watasema mtoto ameua mguu wa baba yake. Bibi atasema leo, atasema Noeli, atasema siku ya harusi ya Belyse mbele ya wakwe. Watu hawa hawasahau. Mpaka leo wananikumbusha chumvi niliyozidisha siku ya ndoa yangu.

Basi nimefanya hivi. Nilimtoa marehemu vijiti vyake na ule unyoya mweupe, nikamtupa chooni. Nikamfunga Achille mgongoni, nikaenda sokoni, nikarudi na mtetea mwekundu, umbo moja, macho ya kijinga yale yale. Unyoya mweupe niliushona mkiani kwa uzi.

Ilibaki kazi moja. Nilimshika mguu. Nikavuta pumzi, nikafumba macho. Sikuweza. Nikajaribu tena, nikimfikiria Bibi, nikajaribu tena nikimfikiria Belyse. Alikuwa ananiangalia, moyo wake unanipiga kiganjani. Mkono ulikataa. Nikafunga vijiti juu ya mguu mzima, nikakaza, nikamrudisha chumbani.

Gratien aliamka akauliza kuku anaendeleaje.

"Vizuri," nilisema. "Kukushinda."

Jumatano, 26 Mei

Bibi amesema kuku ameanza kunenepa, ni alama njema. Nimemwongezea mchele.

Jumamosi, 29 Mei

Mjinga ni mimi.

Leo asubuhi yule kuku alichomoa vijiti. Bibi alikuwa anapepeta mchele uani, kuku akatoka chumbani akitembea kama mke wa chef de poste, mkubwa wa serikali, miguu yote miwili, moja kwa moja mpaka kwenye ungo. Bibi akapiga vigelegele. Majirani wakaja. Siku ya kumi na mbili tu! Mama Geneviève akafanya ishara ya msalaba.

Gratien akaomba kisu. Nilimwambia tumngoje muzee Ndayiragije aje aone mwenyewe.

"Muzee amekimbia," alisema. "Lubarika iko tupu tangu jana. Hausikii redio?"

Nasikia. Bukavu imechafuka, wanapigana mjini. Barabarani magari yanashuka na magodoro juu. Kila mtu anasema askari wataifuata barabara hii, kama kila mara.

Akakata kamba. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kama mhogo uliomenywa. Akasimama akishika ukuta. Jasho lilimtoka usoni, lakini alicheka. Alilia pia. Sijamwona Gratien akilia tangu tulipomzika baba yake. Akasema: "Mungu ananiambia niwatoe hapa."

Nikafungua mdomo. Belyse alikuwa anacheza na kuku miguuni pangu. Bibi alikuwa amemshika mwanawe mkono.

Nikafunga mdomo.

Jumatatu, 31 Mei

Watu wenye akili wanavuka Ruzizi kwenda Burundi, kwa miguu, chungu kichwani. Sisi tunapakia nyumba ya pili.

Nilimwambia Gratien tuvuke kama wengine.

"Na gari?"

"Gari itabaki."

Aliniangalia kana kwamba nimesema Achille atabaki. Tutashuka Uvira, tupite Kalundu, tufuate ziwa mpaka Mboko, kwa mjomba wake Bonaventure. Vita ikifika Mboko, tutasogea tena mbele. "Batu wengine wanakimbia wanalala chini ya miti," anasema. "Minye, muke wangu atalala kwenye kitanda."

Kitanda chenyewe kina upana wa ubao wa kupigia pasi.

Nilimuuliza kuhusu mguu. Akanionyesha kuku.

Mama Geneviève alipita na mzigo wake, akasimama kuangalia mapazia niliyotundika kwenye madirisha ya gari. "Mama Belyse, munaenda vacances, kupumzika?" Akacheka mpaka mzigo ukataka kuanguka. Mimi pia ningecheka.

Nimefikiria kusema. Nimefikiria tangu juzi, nikiosha, nikikunja, nikifunga. Nikisema, Belyse anaingia ndani ya maneno. Nisiposema, Gratien anaendesha kwa mfupa ambao haujashika. Najiambia mfupa wake labda umeshika. Najiambia mambo mengi. Nimewacheka hawa watu na kuku wao siku zote hizi, na leo ni mimi ninayemwangalia kuku mguuni nikitafuta dalili.

Jumatano, 2 Juni

Tumetoka saa mbili asubuhi. Gari liliwaka mara ya kwanza. Hata hilo lilinikera.

Gratien kwenye usukani, mimi na Achille kando yake, Bibi na Belyse nyuma na kuku. Kila akikanyaga embrayage, ile klachi ya kubadilisha gia, kwa mguu wa kushoto, anabana meno. Nilianza kuhesabu, nikaacha. Barabara ya Sange ina mashimo ya kulaza ng'ombe. Punguza, kanyaga, ongeza, kanyaga. Watu kwa miguu walitupita. Mbuzi mmoja alitupita.

Barrière kabla ya Kiliba, kamba imekatiza barabara. Askari watatu, mmoja tu ana viatu. Aliyevaa viatu akapanda nyuma, akaangalia vitanda, sinki, herufi ukutani.

"Hii ni gari ya nini?"

"Ni nyumba," alisema Gratien.

"Nyumba iko na permis ya kutembea?" Wenzake wakacheka. Kisha akamwona kuku. "Mama, hii kuku ni ya nani?"

Bibi Niyonsaba akamkumbatia. "Hii hapana kuku. Ni mguu ya mwana wangu."

"Ati nini?"

Akamweleza yote, tangu pipa la maji. Alimweleza na vidole, na sauti ya vijiti. Askari alisikiliza, akamwangalia kuku, akamwangalia Gratien. "Sasa tukimukula?"

"Mutakula mguu ya muntu," Bibi alisema. "Na yeye anabaki hapa barabarani, muende naye nyinyi."

Yule asiye na viatu akarudi nyuma hatua moja. "Chef, tuachane nayo. Kwetu pia iko vile." Walichukua sabuni na shuka langu jipya, wakafungua kamba. Wameheshimu kuku kuliko walivyoniheshimu mimi. Na ni kuku wa sokoni, mwenye miguu miwili mizima tangu azaliwe.

Tumefika Kalundu jioni. Kilomita zinazomalizika kwa saa moja tumezifanya siku nzima. Gratien hakuweza kushuka mwenyewe. Alisema miguu imekufa ganzi kwa kukaa.

Alhamisi, 3 Juni

Kalundu, karibu na bandari. Joto. Samaki. Achille ana harara. Mguu wa Gratien umevimba, unang'aa. Anasema ni joto la motere.

Wabeba mizigo wanapita wanachungulia dirishani kama sisi ni wanyama. Mmoja akauliza kama tunapima macho. Belyse akamsimamisha mbele ya karatasi, akamwonyesha herufi kwa kijiko. Alizikosa zote isipokuwa ya juu. "Wewe ni kipofu," Belyse akamwambia. Ndiyo mara moja niliyocheka wiki hii.

Nimemwambia Gratien twende hospitali. Amekataa. Wanaume wenye jeraha la mguu wanaulizwa walipigana wapi na upande gani, na jibu la pipa la maji halimridhishi mtu. Hapo yuko na haki, na inaniudhi zaidi.

Ijumaa, 4 Juni

Leo nimesema.

Asubuhi Gratien alitaka tuondoke, tuuwahi ule mpando baada ya Kigongo kabla ya jua. Alishuka akishika mlango. Akamwambia mama yake amweke kuku chini, mchangani. Kuku akatembea vizuri, akachokora, akakimbia kidogo nyuma ya dagaa.

"Tembea, mama," Gratien alimwambia kuku. Na yeye akaachia mlango.

Alipiga hatua moja. Ya pili nilisikia. Nilisikia kabla ya kuona — ile sauti ya kijiti. Akaanguka kifudifudi pale pale, mbele ya wabeba mizigo. Hakulia. Aliuma mchanga.

Tulimgeuza. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Bibi akaanza kusali kwa Kirundi. Gratien alikuwa anamwangalia kuku.

"Yeye anatembea," alisema. "Kwa nini minye hapana? Mama, nimekosa nini?" Akaanza kutafuta. Labda ni ile misa aliyokosa. Labda ni kwa sababu alifanya kazi siku ya Mungu. Labda ni ule ugomvi na ndugu yake, mwaka ule. Mtu mzima, amelala mchangani, anatoa dhambi zake moja moja kama anayetafuta ufunguo mfukoni. Nilikuwa nimeandaa dharau yangu yote, na sikuwa na pa kuiweka.

Nikasema: "Papa Belyse, hukukosa kitu. Ile kuku ilikufa."

"Ile hapo?"

"Ile ya kwanza. Siku ya saba. Hii nilinunua."

Bibi Niyonsaba alinyamaza katikati ya Salamu Maria. Alimshika kuku, akamgeuza, akavuta unyoya mweupe. Unyoya ukatoka, uzi mweusi ukafuata. Aliutazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Weye unajua kushona," alisema.

Gratien akauliza ilikufaje. Belyse alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kijiko mkononi, anasikia kila neno.

"Nilimufunika na beseni," nilisema. "Minye. Nilikuwa nimechoka na kelele zake. Nikasahau juani."

Belyse alinitazama. Nikamtazama mimi pia, mpaka akainamisha macho. Hiyo sehemu nitakufa nayo.

"Na hii? Mguu yake ilipona namna gani?"

"Haikuvunjika. Nilishindwa kuivunja."

"Ulishindwa kuvunja mguu ya kuku."

"Nilishindwa."

Mbeba mizigo mmoja akataka kucheka, mwenzake akampiga kiwiko. Gratien aligeuza uso upande wa ziwa. Mpaka sasa hajaugeuza. Tulimbeba watu wanne kumrudisha kitandani, kwenye ule ubao wake. Kupita mlangoni alipiga yowe moja.

Bibi amekaa miguuni pake. Kwangu hanipi hata tusi. Ningelitaka.

Jumamosi, 5 Juni

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya gari.

Tangu alfajiri watu wa Sange wanaingia Kalundu kwa miguu. Mama Geneviève hayumo, bila shaka yuko ng'ambo, anakula mihogo ya watu. Wanasema barabara ya juu imefungwa nyuma yao. Wanasema mengi. Lakini saa tatu askari wawili walikuja kuandika magari yote ya bandarini. Kila gari linalowaka litachukuliwa saa sita kupandisha jeshi. Dereva pia.

"Dereva yuko wapi?" waliuliza.

"Amekwenda kutafuta mazuti ya gari," nilijibu. Walichora msalaba wa chaki mlangoni, wakaendelea na gari lingine.

Kwa hiyo tuna mpaka saa sita. Tukiacha gari, tunambeba Gratien kwa mikono, mimi, mama mzee, mtoto wa miaka minne na mtoto wa mgongoni. Mashua zimejaa tangu jana, zinakataa hata wazima. Tukikaa, watamkuta, na watamuuliza ule mguu aliupatia vita gani.

Nilimweleza Bibi hivyo, kwa maneno machache. Alisimama, akang'oa mbao mbili za kitanda cha chini, akachana shuka. Alimfunga mwanawe mguu mwenyewe, kuanzia paja mpaka kisigino. Mimi nilimshika mabega. Alipofika kwenye fundo la mwisho alinyoosha mkono bila kuniangalia, nikamwekea kitambaa. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Gratien alijivuta kwa mikono mpaka mbele. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa. Ilimchukua muda ambao ningeweza kupika ugali. Nikawa najiuliza ataendesha na nini, na mguu mbao mbili, mgumu kama mchi. Nikajiambia: sasa ameisha kichwa pia.

Niko hapa kwenye ngazi. Achille ameshalala kwa Bibi. Belyse amekuja kukaa kando yangu, ameweka mkono wake ndani ya wangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye nilimfunika kuku. Nilimwambia ndiyo. Akafikiria. Akasema: "Basi usirudie, mama." Nimemwambia sitarudia.

Gari limewaka. Linatetemesha ngazi, mwandiko wangu unaruka.

Ananiita. Neno la kwanza tangu jana.

Nimeenda kuangalia. Hakukaa mahali pa dereva. Amesogea katikati, usukani ameushika kwa pembeni, mguu mbovu ameupitisha juu ya ule mzima, ameulaza juu ya mto wa Achille kuelekea mlango wa pili. Mguu mzima uko kwenye frein, tayari kufunga breki. Kando ya mlango wa dereva ameacha nafasi, nusu ya kiti, na chini yake kuna pedali moja isiyo na mtu.

Nimemwambia mimi hata baiskeli sijui.

Anaangalia mbele, kwenye kioo, barabara ya Kigongo. Jasho linamtoka.

"Hii ya kushoto ndiyo embrayage," anasema. "Nikisema kanyaga, unakanyaga mpaka chini kabisa. Usiihurumie."